Usiku Tulioulinda kwa Masikio

Waliokulia bonde la Rufiji kabla ya simu za mkononi wataikumbuka kurunzi ya bati ya betri tatu, ile yenye mikunjo mwilini na kioo kipana, iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya dungu kwa kamba ya ukindu na kushikwa na mtu mmoja tu, babu au mjomba mkubwa, kwa kuwa betri za National zilinunuliwa kwa fedha ya korosho na kila mmuliko ulikuwa na hesabu yake. Mchana tulizitoa betri tukazianika juu ya paa la nyasi ili jua lizirudishie nguvu kidogo, na jioni tulizirudisha zingali na uvuguvugu, babu akaijaribu kurunzi mara moja kwenye kiganja chake, kiganja kikawa chekundu, akaizima. Usiku kucha haikutumika kutafuta kitu. Iliwashwa mwisho kabisa, baada ya masikio kumaliza kazi na kukubaliana kwamba pale kwenye kona ya chini, karibu na mkuyu, pana nguruwe.

Siku hizi jicho ndilo linalotangulia. Mpwa wangu aliyeko Texas huinua kidarubini cha kuona joto kinachoenea kiganjani, hukizungusha kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa muda mfupi ameshajua kila chenye damu ya moto kiko wapi shambani. Hajasikia chochote. Hahitaji.

Dungu, kwa asiyelijua, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya mpunga, juu kiasi cha maji ya mafuriko kupita chini yake. Hata baada ya watu wa bondeni kuhamishiwa vijiji vya nchi kavu, wakati wa Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960, familia ziliendelea kushuka kwa mitumbwi kila msimu na kuishi madunguni miezi mizima, kwa sababu udongo mzuri ulibaki kule chini. Mpunga ulisiwa mvua zikianza, maji yakaja Machi na Aprili, mavuno yakawa Juni na Julai, kisha kwenye unyevu uliobaki tukapanda mahindi na kunde za mlau. Mchana ulikuwa wa ndege, na kuwafukuza ilikuwa kazi ya wanawake na watoto. Usiku ulikuwa wa nguruwe pori, na kazi hiyo ilikuwa ya wanaume na sisi wavulana tuliojiona wanaume.

Tulifundishwa kusikiliza kwa mpangilio. Kwanza vyura: wakinyamaza upande mmoja wa bonde, kuna kitu kinatembea upande huo. Kisha bua: bua la mhindi likivunjwa na nguruwe hutoa mlio mmoja mkavu, ukafuata utafunaji usio na haraka na mkoromo wa chini kwa chini wa jike akiwaita wanawe. Kiboko humsikii akija ila unamsikia akila, maana hung'oa nyasi kwa midomo na kupumua kwa kishindo. Tembo ndiye aliyewatesa wazee, kwa kuwa nyayo zake hazina sauti, na mara nyingi kilichomfichua ni ngurumo yake ya chini tu, karibu mno. Babu alikuwa akiweka kiganja nyuma ya sikio, anageuka polepole mpaka sauti ikae sawa, halafu ananong'ona ni wangapi na wako upande gani. Ndipo debe likapigwa, na dungu la jirani likajibu kwa debe lake, na la tatu likajibu, na watu wakaulizana gizani nani yuko macho na nani kasinzia, mpaka bonde zima likajua kwamba nguruwe wametimuliwa kwa fulani na sasa wanaelekea kwa fulani.

Sasa taarifa hiyo hupita kwenye kundi la WhatsApp. Inafika haraka zaidi. Aliyeishiwa chaji haipati.

Sitaki kuupamba usiku ule. Mtu aliyelala dunguni alilala na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu mwaka 1990, na zaidi ya 300 waliojeruhiwa, wengi wao katika wilaya za kusini na pwani, Rufiji ikiwemo. Watafiti walionyesha uhusiano ambao wakulima wetu walikuwa wakiuishi: panapokuwa na nguruwe pori wengi, watu hulala mashambani kuwalinda, na simba anayemfuata nguruwe huishia kumkuta mlinzi ndani ya kibanda cha miti na nyasi. Kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004, simba mmoja wa Rufiji, ambaye watu walimwita Osama, alihusishwa na vifo vya zaidi ya watu 30. Alipouawa alikutwa na gego bovu lenye usaha. Nakumbuka kipindi kile wanaume wazima walivyoacha mpunga uliokwisha kutoa masuke ukaliwa, na hakuna aliyewalaumu.

Babu yangu alikuwa na sharti moja lisilojadiliwa. Baada ya mwezi mpevu, katika zile siku ambazo jua linazama na mwezi bado haujachomoza, mtu hashuki kwenye ngazi ya dungu kwa sababu yoyote ile, hata kwa haja. Kwa haja kulikuwa na kopo. Nilidhani ni imani ya kale, mpaka mwaka 2011 timu ileile ya Packer ilipochapisha hesabu za mashambulizi ya simba zilizopangwa kwa tarehe za mwezi, ikaonekana kwamba hatari kubwa iko kwenye saa za mwanzo za giza, katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Simba hukosa mawindo kunapokuwa na mbalamwezi, hivyo giza linaporudi huwa na njaa. Babu hakuwa na jedwali. Alikuwa na majina ya watu waliokufa na usiku waliokufa.

Na palikuwa na gobole. Vijana wa siku hizi hawaamini kwamba ulinzi wa shamba ulitegemea bunduki iliyofuliwa na mhunzi, ikashindiliwa baruti na vipande vya nondo mdomoni, na ikafyatuliwa kuelekea kule sauti ilikotoka. Kuelekea sauti, si kuelekea kitu. Kijiji cha jirani mtu alipigwa hivyo mguuni, akiwa amechuchumaa kwenye mahindi yake mwenyewe, na aliyempiga alikuwa ndugu yake aliyesikia bua likivunjika. Operesheni Uhai ya mwaka 1989, iliyolenga majangili wa pembe za ndovu, ilikusanya silaha nyingi vijijini, na magobole ya walinzi wa mashamba yalikwenda pamoja na ya wengine. Bwana Nyama, yaani ofisa wanyamapori, ambaye zamani alikuja na raifo yake kuua nguruwe na viboko wasumbufu, akawa haonekani kwa msimu mzima. Tukabaki na debe, kombeo na moto wa magogo.

Wakati huohuo, mbali na huko, kazi ya kuliona joto ilikuwa ikifanywa kwa siri. Kwamba kuna mionzi ya joto isiyoonekana ilijulikana tangu mwaka 1800, pale William Herschel alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopasuliwa na mche wa kioo na kukuta zebaki ikipanda mahali ambapo jicho halikuona kitu. Lakini kuligeuza joto hilo kuwa picha gizani kulihitaji mitambo ya kijeshi iliyopozwa kwa naitrojeni ya maji hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri, mizigo ya kubebwa na ndege na vifaru. Ni katika miaka ya 1980 ndipo watafiti wa kampuni ya Honeywell, huko Minnesota, walipotengeneza kihisi kisichohitaji kupozwa, chenye safu za vitone vidogo sana vya oksaidi ya vanadiamu ambavyo hubadilisha upinzani wa umeme vinapopata joto kidogo. Jeshi la Marekani liliufungua ujuzi huo kwa biashara mwaka 1992. Mwaka huo sisi bado tulikuwa tukianika betri juani.

Bei ilishuka polepole, kisha ikaporomoka. Mwaka 2016 kampuni ya FLIR iliuza kidarubini cha mkononi kwa takriban dola 600, na mwaka huohuo shirika la WWF, likitumia kamera za FLIR, lilianza kuwasaidia askari wa Maasai Mara kuwaona majangili usiku, wakakamata zaidi ya dazeni mbili katika miezi ya mwanzo. Nilisoma habari hiyo nikamwaza yule aliyepigwa nondo mguuni.

Kwa macho yangu mwenyewe niliona kifaa hicho Texas, nilipokwenda kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, wakati wa baridi. Kule wana nguruwe wao, uzao wa nguruwe wa kufugwa waliopelekwa na Wahispania tangu karne ya 16 na kuchanganyika baadaye na nguruwe mwitu wa Ulaya, na wanafukua mashamba vilevile kama wetu. Tofauti ni kwamba huko sheria iko upande wa mkulima. Mwenye ardhi, au mtu aliyempa ruhusa, anaweza kuwawinda mchana na usiku, tangu mwaka 2019 bila hata leseni ya uwindaji. Mpwa wangu ni Mwislamu, mizoga hagusi. Huenda kwa ombi la mkulima wa mahindi aliye rafiki yake, na baridi ile nilikwenda naye.

Alinipa kidarubini nikatazama. Uwanja ambao kwa macho ulikuwa giza tupu ulikuwa na watu wake: sungura wawili kwenye njia ya gari, ndege waliolala mtini, kila mmoja doa jeupe, panya aliyepita kwenye majani, na mahali pa mduara pasipo na kitu, ambapo mnyama alikuwa amelala akaondoka, joto lake likabaki. Picha ilikuwa kama negativu ya studio za zamani, ile uliyoinua dirishani ukajaribu kumtambua shangazi. Nilisikia raha, na nilisikia uchungu pia, kwa sababu nilijua babu angetoa nini ili ashike kitu kile kwa usiku mmoja tu wa mwaka 2003.

Mbali, ukingoni mwa miti, palikuwa na maumbo matano. Nilisema nguruwe. Mpwa wangu alisema, "Bado, mjomba. Tunajua kuna kitu, hatujajua ni nini." Tulitembea kuwaelekea, upepo ukitupiga usoni, tukasimama, tukatazama tena. Walikuwa ndama.

Tangu siku hiyo maongezi yetu ya simu, baada ya shikamoo na marahaba na hali ya dada, yamekuwa ya darubini za joto, maana binamu zangu wa bondeni walisikia nilichokiona wakataka kujua kama mtu wa kawaida anaweza kukinunua. Anaweza, akijua anachokilipia. Kwa sasa vidarubini vya bei ya chini, vyenye kihisi cha pikseli 256 kwa 192, hupatikana kwa dola mia nne hadi mia saba hivi. Ukitaka pikseli 384 kwa 288, jiandae kwa dola elfu moja na kitu, na 640 kwa 512 ni zaidi ya hapo maradufu. Dola 600 ni kama shilingi milioni moja na nusu. Kwa kaya moja hiyo ni fedha ya msimu, lakini madungu kumi yakichanga ni jambo la kuzungumzika.

Watu wengi hufikiri kwamba pikseli nyingi humleta mnyama karibu. Si hivyo. Kama lenzi ni ileile na ukubwa wa pikseli ni uleule, nguruwe aliye mita 200 huonekana na vitone vilevile kwenye kihisi cha 256 na cha 640. Kinachoongezeka ni upana wa uwanja. Kwa lenzi ya milimita 25 na pikseli za mikromita 12, kihisi cha 256 kinaonyesha upana wa mita 12 kwa umbali wa mita 100, cha 384 mita 18, na cha 640 karibu mita 31. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo anayelinda eneo pana hapaswi kutamani lenzi ndefu. Achukue lenzi fupi, ya milimita 10 au 15, apate kuliona bonde badala ya kulichungulia kwenye tundu.

Kisha kuna umbali ulioandikwa kwenye boksi. Mita 1,000, mita 1,200, kwa maandishi manene. Huo ni umbali wa kugundua tu kwamba pana kitu cha moto. Mwaka 1958 John Johnson, mtaalamu wa jeshi la Marekani, alionyesha kwamba ili kutambua aina ya kitu unahitaji maelezo mara nne ya yale yanayotosha kugundua kuwa kipo, na ili ukijue hasa ni nini unahitaji zaidi ya mara sita. Rudi kwenye lenzi yetu ya milimita 25: kila pikseli hufunika karibu sentimita 5 kwenye mita 100, na karibu sentimita 14 kwenye mita 300. Nguruwe wa kimo cha sentimita 70, kwenye mita 300, ni pikseli tano kwenda juu. Mtu aliyechuchumaa kwenye mahindi yake, kwa umbali huohuo, naye ni doa la namna hiyo. Kwa hiyo kifaa cha bei nafuu kinamweka mlinzi pale pale alipokuwa mwenye gobole, asipojizuia. Ana hakika kwamba kuna kitu. Hana hakika ni nani.

Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo mpwa wangu alilisisitiza, kabla ya pikseli na kabla ya bei, ni kwamba kinunuliwe kidarubini cha mkononi na si darubini ya kufungwa juu ya bunduki. Anayekagua shamba kwa darubini ya bunduki humwelekezea mtutu kila anayemtazama, awe nguruwe, ng'ombe au mke wa jirani. Na ndiyo maana kurunzi haijastaafu. Siku hizi ni tochi ya LED inayochajiwa kwa jua, yenye mwanga ambao babu angeuona ni wa gari, lakini kazi yake ni ileile: inawashwa mwisho, kuthibitisha.

Kurunzi ilikuwa na elimu yake pia, ambayo darubini ya joto haina nafasi nayo. Ilituonyesha macho. Aliyejua kumulika alimtofautisha komba na paka mwitu kwa urefu wa macho kutoka ardhini, kwa rangi, kwa namna yalivyopepesa au yalivyotulia, na akiwa mtumbwini aliyahesabu macho mekundu ya mamba juu ya maji kabla ya kukubali kushuka. Darubini ya joto haina mng'ao wa macho. Na mamba haonekani kabisa, au kwa shida, kwa sababu damu yake hufuata joto la maji alimo. Kwa mtu wa Rufiji jambo hili si dogo. Kijana aliyezoea kuamini kwamba kisichong'aa kwenye kioo hakipo, atateremka mtoni kuchota maji alfajiri na kioo kikiwa cheusi na safi. Nimewaambia binamu zangu walirudie kwa kila atakayekishika: nguruwe, kiboko aliyetoa mgongo, simba, mtu, ndiyo, mamba na nyoka, hapana.

Hali ya hewa yetu nayo si ya Texas. Kule baridi ilikuwa kavu na ardhi imepoa, mnyama akajitokeza wazi. Bondeni, saa mbili usiku wa Februari, udongo bado una jua la mchana, vichuguu vinang'aa, magogo yanang'aa, na mvuke unaopanda kutoka majini unafifisha kila kitu. Jioni na asubuhi kuna dakika ambazo joto la nyasi na la ngozi hukaribiana, picha ikawa kijivu kitupu. Nafuu huanza usiku wa manane, na saa bora ni kabla ya alfajiri. Hapa ndipo unyeti wa kihisi unapostahili fedha kuliko pikseli: tafuta kilichoandikwa milikelvini 25 au chini yake, maana namba ikiwa ndogo kihisi hutenganisha tofauti ndogo zaidi za joto. Kuhusu kasi ya picha, vifaa vya zamani vya picha 9 kwa sekunde vilimfanya mnyama anayekimbia arukeruke; siku hizi 25 au 50 ni kawaida. Kiwe na kinga ya maji ya IP67. Kiwe na betri ya kutoa na kubadilisha, kama ile ya 18650, kwa sababu betri iliyofungiwa ndani ikichoka, kifaa kizima kimechoka, na fundi wa Ikwiriri hana la kufanya. Kioo cha lenzi ni jerimaniamu, madini ambayo China iliyawekea udhibiti wa kuuzwa nje tangu Agosti 2023, bei yake ikapanda, hivyo lenzi iliyokwaruzwa si ya kufuta kwa kanga na kusahau.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini asinunue kimoja akakitia kwenye begi. Alishauliza. Darubini za joto zimo kwenye orodha ya bidhaa ambazo serikali ya Marekani hudhibiti zinapotoka nchini, na kuna vibali. Na upande wetu sheria za wanyamapori haziruhusu kuwinda usiku kwa kumulika, wala hakuna askari wa hifadhi atakayemwachia kwa maneno matupu mtu aliyekutwa usiku wa manane, kandokando ya Hifadhi ya Taifa Nyerere, akiwa na kifaa cha kuona gizani. Ana haki ya kushuku. Kifaa kilekile kinachomwonyesha mlinzi nguruwe kinamwonyesha jangili swala, na bei ikishuka inashuka kwa wote wawili. Hilo linanisumbua kuliko namba zote nilizotaja. Siku za kurunzi, mwindaji wa kumulika alijitangaza: kila aliyekuwa dunguni aliuona mwanga wake ukitembea na alijua ni kurunzi ya nani. Mwenye darubini ya joto hana mwanga. Hakuna anayejua yuko nje.

Bonde lenyewe limebadilika. Bwawa la Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mto haufuati tena kalenda ambayo babu aliijua kwa kutazama rangi ya maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifika na kuchukua mashamba na nyumba. Watoto hawakai tena madunguni miezi mizima. Wako shule, na hilo ni jema, nalisema bila kusita, kwa kuwa mimi nilikosa mihula kwa ajili ya nguruwe. Lakini msichana wa binamu yangu, mwenye akili kweli, alikaa nami barazani usiku mmoja, vyura wakanyamaza wote kwa ghafla upande wa mtoni, nikamtazama. Hakusikia kwamba kuna kitu kimekoma.

Na mimi masikio yangu yameanza kunitoka. Mlio mwembamba wa bua kavu siusikii tena kutoka mbali, na wenzangu wa rika langu ni hivyohivyo. Bila kidarubini, mlinzi mzee ni mtu aliyekaa gizani tu. Akiwa nacho anaweza kufanya kazi bila kushuka ngazi, bila kuacha ukuta wake wa miti, katika zile saa ambazo babu alizikataza. Faida hiyo naiweka mbele ya nyingine zote.

Kikao cha wenye madungu kilikaa mwezi uliopita na kikakubaliana mambo machache. Kitanunuliwa kimoja, cha lenzi fupi, kwa jina la kikundi na si la mtu, kupitia kwa muuzaji mwenye vibali hapa nchini. Kitakaa kwa askari wa wanyamapori wa kijiji na kusainiwa kwenye daftari jioni na asubuhi. Hakitafungwa kwenye silaha yoyote. Atakayekiona kitu atapiga debe kama zamani, kwa sababu debe linamfikia na asiye na simu, na hakuna atakayetoka kufuata doa jeupe mpaka dungu la jirani lijibu kwamba watu wake wote wako juu. Kipengele hicho cha mwisho kiliongezwa na mama mmoja aliyekaa nyuma, na ndicho pekee kilichopita bila ubishi. Barua imepelekwa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Michango imefika nusu.